Historia ya mzee wa familia: namna ya kuiandaa kati ya maziko na arobaini

Anapofariki mzee wa miaka themanini au tisini ambaye hakuwahi kuwa diwani, wala mwalimu mkuu, wala shehe wa kata, familia hupata kigugumizi pale MC anapouliza nani atasoma historia ya marehemu. Karatasi inayoletwa huwa ile ile: alizaliwa, alioa, alilima, aliugua, ameacha mjane na watoto kadhaa. Dakika mbili zimekwisha. Mtu aliyelea watu ishirini anaagwa kwa maneno ambayo yangemfaa mzee yeyote wa kijiji cha jirani.

Mambo ya mzee wa namna hii hayamo kwenye vyeti. Yamo vichwani mwa watu, na watu hao wanaondoka na basi la alfajiri siku moja baada ya kuanua matanga. Ndiyo maana kazi hii ina muda wake, na muda huo ni siku arobaini. Tumeandika kwa kufikiria familia za Mtwara na Lindi, za pwani na za bara, za Waislamu na za Wakristo. Panapotofautiana tumesema.

Andaa karatasi mbili

Karatasi ya kwanza ni ya siku ya maziko. Kwa Waislamu maziko hayangoji, kwa hiyo nusu ukurasa unatosha: maneno 150 hadi 200, dakika mbili za kusoma. Weka majina kamili, umri wa kukadiria, alikozaliwa, mke au wake, idadi ya watoto walio hai na waliotangulia, na tangazo la madeni. Tangazo hilo lisiishie "anayemdai marehemu awaone wanafamilia". Mtaje mtu mmoja na namba yake ya simu, la sivyo anayedai kiasi kidogo ataona haya kuzunguka akiuliza amwone nani, na deni litabaki shingoni mwa marehemu.

Kwa Wakristo, ambao mara nyingi husubiri watoto wafike kutoka Dar es Salaam, historia husomwa siku hiyo hiyo kanisani au nyumbani. Hata hapo isizidi dakika tano. Iliyo kamili, yaani karatasi ya pili, iwekeni kwa ajili ya dua, ibada au misa ya arobaini, watu wakiwa wametulia.

Karatasi ya kwanza hukosewa kwa sababu moja kubwa: huandikwa usiku wa manane na mtoto mmoja, peke yake, kwenye simu. Mwaka aliokisia yeye huchorwa kwenye kibao cha kaburi, na baada ya hapo hakuna anayethubutu kuurekebisha. Usiku ule andika "takriban miaka 85", na kibao kingoje.

Daftari la matangani

Siku tatu za kwanza usimhoji mtu. Watu wanalia, wengine wanapika, wengine wanatandika mikeka. Fanya jambo moja tu: nunua daftari la kurasa 96, mpe mjukuu mwenye mwandiko mzuri, akae karibu na turubai na kuandika kila anayefika. Jina, kijiji, simu, uhusiano na marehemu. Kisha safu ya tano, ambayo ndiyo yenye kazi: "Uliwahi kukaa kwake? Lini?"

Safu hiyo hufichua mambo ambayo hata watoto wake hawayajui. Utakuta mtu wa makamo aliyetoka Nachingwea ameandika kwamba alikaa kwa marehemu miaka mitatu akisoma, na hakuna mtoto anayemkumbuka kwa sababu wote walikuwa hawajazaliwa. Majina ya aina hii matano au sita yana thamani kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Kabla watu hawajatawanyika, fanyeni kikao cha dakika ishirini mchague watu watatu: mmoja kutoka kwa watoto, mmoja kutoka upande wa mama wa marehemu, na mmoja anayejua kuchapa. Kukusanya habari kufanyike siku ya 4 hadi ya 20. Kuandika, ya 21 hadi ya 30. Siku ya 31 hadi ya 35 muwasomee wazee. Zinazobaki ni za kuchapisha na kufanya mazoezi. Familia nyingi huanza kuandika siku ya 38, wakati mchele na mbuzi vimeshachukua akili zote.

Majina yake yote

Mzee wa kusini mara nyingi ana majina matatu au manne, na kila moja lina watu wake. Kuna jina aliloitwa utotoni na mama yake. Kuna jina alilotoka nalo jandoni, kwani kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua kijana alitoka kule na jina jipya, na la zamani halikupaswa kutajwa tena. Kuna la dini. Kuna la utani, la baiskeli au la kazi yake. Na kuna la mtoto wake wa kwanza: Baba Fulani.

Yaandike yote, ila la utotoni uwaulize kwanza wazee kama linafaa kusomwa hadharani. Ongeza pia ukoo wake kwa neno la wenyewe: *litawa* kwa Wamakonde, *nihimo* kwa Wamakua, *lukosyo* kwa Wayao. Wazee wakisikia ukoo umetajwa sawasawa mwanzoni, watakaa kusikiliza yote yanayofuata.

Linganisha majina haya na kitambulisho cha NIDA, kadi ya mpiga kura, cheti cha ndoa, kitabu cha benki na karatasi za shamba. Yakiwa hayafanani, waambie mapema wanaofuatilia mirathi, kwa kuwa mahakamani wataombwa kiapo kuthibitisha kwamba mwenye majina hayo yote ni mtu mmoja.

Alizaliwa lini

Usiiamini tarehe ya 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee. Mara nyingi ni makisio ya karani. Mwaka wa kweli hutafutwa kwa kumfunga mzee kwenye tukio linalojulikana, kisha kuhesabu.

Matukio yanayofaa kwa mikoa hii ni haya. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, makao yake kwa upande wa kusini yakiwa Nachingwea, na ukavunjika 1951. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952. Uhuru ni Desemba 1961, na miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya uhuru ndipo reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango ule wa karanga ilipofungwa na kung'olewa. Vita ya Msumbiji ilianza Septemba 1964, wakimbizi wakavuka Ruvuma, na uhuru wao ukaja Juni 1975. Kuhamia vijiji vya ujamaa kulishika kasi mwaka 1974. Vita ya Kagera ni 1978 na 1979. Mtu wa makamo atakumbuka pia Daraja la Mkapa, Rufiji, lilipofunguliwa 2003, na stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia maghala, ilipoanza kwenye korosho 2007.

Sasa chukua mfano. Kaka yake marehemu anasema, "Tulitoka jandoni mwaka ule wa kimbunga." Jando lilifanyika kiangazi, na kimbunga kilikuwa Aprili, kwa hiyo ni kiangazi cha 1952. Muulize: "Marehemu alikuwa mkubwa au mdogo kati yenu?" Anajibu alikuwa wa katikati. Kama vijana wale walikuwa wa miaka minane hadi kumi na miwili, amezaliwa kati ya 1940 na 1944. Tafuta ushahidi wa pili. Mdogo wake anayemfuata ana cheti cha ubatizo cha 1945, naye alibatizwa akiwa mchanga. Basi marehemu ni wa 1943 au nyuma ya hapo. Andika "alizaliwa kati ya mwaka 1940 na 1943". Hakuna aibu katika kuandika hivyo, na ni kweli zaidi kuliko 1/7/1938 ya karani.

Wakristo wana nafuu hapa kwa sababu parokia huweka vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi 1876 na Wabenediktini wakaanza Ndanda 1906, kwa hiyo vitabu vya baadhi ya parokia vinafika mbali. Nenda na jina la ubatizo, majina ya wazazi na la msimamizi wa ubatizo kama linajulikana, na uombe kwa paroko mapema, wala si Jumamosi ya misa.

Angalia na mahali alipozaliwa. Mzee anaweza kuwa na karatasi inayosema Newala, na kijiji chenyewe leo kiko Tandahimba. Au Masasi, na leo ni Nanyumbu. Hadi 1971 hata mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa mmoja. Zaidi ya hapo, kijiji cha kabla ya 1974 huenda hakipo tena, kimebaki miembe tu. Litaje jina la mahali pale pa zamani, kisha useme pako karibu na kijiji gani cha leo.

Upande wa mama na wapwa

Hapa ndipo historia nyingi za huku huharibika, hasa zikiandikwa na watoto waliokulia Dar es Salaam. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata kwa mama. Mwanaume ni baba kwa watoto wake, lakini ni mjomba kwa watoto wa dada zake, na ujomba ni kazi: alisimamia ndoa zao, alilipa faini zao, aliwapeleka jando na unyago, aliitwa wao walipougua. Historia inayosema "ameacha watoto 7 na wajukuu 30" bila kuwataja wapwa imekata nusu ya maisha yake. Wapwa watakaa kimya wakati inasomwa, na maneno yatatoka baadaye, kwenye kikao cha mirathi, yakiwa na uchungu wa tangu arobaini.

Kwa hiyo fanya hesabu tatu tofauti kwenye daftari. Ya kwanza: watoto aliowazaa, wote, pamoja na waliofariki wakiwa wachanga. Ya pili: wapwa aliowasimamia, kwa majina ya mama zao. Ya tatu: aliowalea bila kuwa wa damu, kama watoto wa mke kwa ndoa ya kwanza, watoto wa jirani aliyekufa, wanafunzi waliokaa kwake kwa sababu shule ilikuwa karibu. Hesabu lazima zikubaliane. Ukiandika watoto 11 na waliotangulia 4, walio hai ni 7. Kama mkisimama mnaonekana 8, kuna mtu umemsahau kwenye karatasi, na yeye amesimama pale anasikia.

Maswali yanayotoa jibu

Ukimuuliza mtu "Babu alikuwa mtu wa aina gani?" atajibu alikuwa mcheshi, mpole, mtu wa watu. Hajakudanganya, ila swali halikumpa pa kushika. Uliza kuhusu mikono, saa, njia na fedha:

"Akirudi shamba, alipitia wapi kwanza?"
"Korosho zikiuzwa, hela alihesabia wapi, na nani alikuwa amekaa naye?"
"Mtoto akiugua usiku, nani alimbeba, na alipita njia gani kufika zahanati?"
"Nani alikula naye sahani moja?"
"Alikukataza nini ambacho hadi leo hukifanyi?"
"Mara ya mwisho kumwona amekasirika ilikuwa juu ya nini?"

Swali la mwisho usiliogope. Mzee aliyekasirika kwa sababu mtoto alimjibu vibaya mama yake amejulikana kwa jambo hilo moja kuliko kwa sifa kumi.

Mjane ahojiwe na wanawake, bintiye au wifi yake, na kwa Waislamu ikumbukwe yuko edani kwa miezi minne na siku kumi, kwa hiyo nenda kwake, usimwite kwako. Nusu saa kwa siku inatosha. Mpe shikamoo, kaa mkekani, mwache aanze anapotaka. Wajane wakiwa wawili, kila mmoja aongelee kwake, na mwandishi awe yule yule ili kusiwe na wa upande huu na wa upande ule.

Rekodi kwa simu. Iweke kwanza kwenye hali ya ndegeni (airplane mode), kwani simu ikiingia katikati hukata sauti. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, mbali na jiko na kuku. Rekodi ya kawaida hula kama MB 1 kwa dakika, basi acha nafasi ya kutosha. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mahali na jina la anayeongea. Sauti ishirini zisizo na majina ni kazi ya wiki nzima kuzitambua. Akiongea Kimakonde, Kiyao au Kimwera mwache aongee hivyo hivyo. Tafsiri itafanyika baadaye, na maneno yake ya asili yabaki kwenye rekodi.

Shamba na vitu vyake

Tembea shambani na mtu aliyelima naye. Mikorosho ni daftari. Iliyopandwa kwa ushauri wa wataalamu hukaa mita 12 kwa 12, kama miti 28 kwa ekari. Ile ya zamani imekaa ovyo na kusongamana. Uliza kila kipande kilipandwa lini na kwa ajili ya nani. Wazee wengi walipanda kipande mtoto alipozaliwa au alipokaribia kwenda sekondari, na ukimpata anayekumbuka, umepata mistari mitatu ambayo hakuna mzee mwingine angeweza kusomewa.

Kule uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya taabu, angalia kisima cha kuvunia mvua. Inama utazame simenti ya mdomo wake: mara nyingi kuna mwaka uliochorwa kwa msumari simenti ikiwa mbichi, na pembeni herufi mbili za jina. Sugua ukungu kwa brashi laini na maji, usikwangue kwa kisu. Tarehe hiyo ni ya uhakika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kisha muulize mama wa nyumba walichota maji wapi kabla ya kisima, na safari ilichukua saa ngapi. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo zawadi ya mzee yule kwa mkewe. Iandike kwa saa na kwa ndoo, usiongeze neno "upendo".

Fungua kasha lake mbele ya watu wawili, na andika kila kilichomo kabla hakijagawanywa. Tafuta stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika, risiti za ada, kadi za kliniki za watoto, kadi ya TANU, barua, daftari la madeni. Risiti za ada zikipangwa kwa miaka pamoja na stakabadhi za korosho, utaona mwenyewe mwaka ambao mavuno yalikuwa mabaya na bado ada ikalipwa. Hapo uliza ilitoka wapi. Pengine baiskeli iliuzwa mwaka huo.

Kuandika

Urefu unaofaa arobaini ni dakika saba hadi kumi. Msomaji anayesoma taratibu humaliza maneno kama 90 hadi 100 kwa dakika, basi andika maneno 650 hadi 950. Kwa dakika tisa, gawanya hivi: majina, ukoo na kuzaliwa, dakika moja; utoto, jando, shule au madrasa, dakika moja; kazi, moja na nusu; nyumba yake, mke, watoto, wapwa na waliolelewa, dakika nne. Ugonjwa na kifo, nusu dakika. Zinazobaki ni za shukrani. Watu wengi hugeuza mgao huu, wakatumia dakika nne kuhadithia hospitali.

Anza na mwenyewe, usianze na dibaji ya "ndugu waombolezaji, kwa masikitiko makubwa". MC ameshayasema hayo.

Kila sifa uliyoiandika, ifute na uweke kitendo. Mstari huu haufai:

"Marehemu alikuwa baba mwenye upendo na aliyejali elimu."

Huu unafaa:

"Kila msimu korosho zilipolipwa, alikaa barazani na daftari. Ada ilitoka kwanza, deni la salfa ya mikorosho la pili, mafuta na sabuni ya nyumba la tatu. Watoto watatu wa dada yake waliandikwa kwenye orodha moja na wa kwake, kwa umri, na mwaka hela zilipokosa kutosha, aliyengoja alikuwa mwanawe."

Wa pili ni mrefu zaidi ya mara tano na hauna sifa hata moja, lakini hakuna atakayetoka pale bila kumjua. Vitendo vya namna hii vitatu vinatosha. Ukiweka kumi, vitamezana. Na kila kimoja kiwe na shahidi aliye hai; kisichokuwa na shahidi kiache, hata kama ni kizuri.

Mambo magumu

Ndoa zilizovunjika zitajwe kwa sentensi moja, bila sababu: "Alifunga ndoa ya kwanza, wakajaaliwa watoto wawili, kisha wakaachana." Watoto wa nje ya ndoa wasiitwe hivyo kwenye maandishi. Waorodheshwe wote kwa kufuata kuzaliwa, bila kuwagawa kwa mama, isipokuwa wenyewe wameomba kugawiwa. Kama kuna anayedai ni mtoto na familia haijakubaliana, suala hilo liamuliwe na kikao cha ukoo kabla ya siku ya 30. Msomaji asilitatue kwa kipaza sauti.

Aina ya ugonjwa isitajwe bila mjane na watoto kukubali. "Aliugua kwa muda mrefu akihudumiwa nyumbani na hospitali" inatosha. Kinachofaa kutajwa ni aliyemhudumia: nani alimgeuza usiku, nani alimwogesha. Huyo mara nyingi ni binti au mkwe ambaye hakuna anayemshukuru.

Mzee alikuwa na makosa yake, na watu wanayajua. Hakuna haja ya kuyasoma, wala ya kusema kinyume chake. Kama alikuwa mkali hadi watoto wakamkimbia, usiandike "mpole". Andika alichofanya vizuri, unyamaze kwa mengine. Mkusanyiko unaosikia uongo mmoja huacha kuamini yote.

Jambo la nani atarithi jina lake liachwe kwa wazee wa ukoo. Lina wakati wake na watu wake, na historia isiliwahi.

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wazee wasiopungua wanne, wawili wa kila upande. Wasipewe karatasi mkononi, kwani wengine macho hayaoni na hawatasema. Soma aya moja, simama, uliza "Hapo tumekosea?" Ukingoja hadi umalize yote ndipo uulize, utajibiwa "vizuri tu".

Picha

Picha za zamani hunata kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa pwani. Iliyonata usiibandue, ipige hapo hapo, ukiwa kivulini kando ya dirisha, bila mwanga wa simu, simu ikiwa sambamba na picha. Kioo kikirudisha mwanga, mtu ashike kitambaa cheusi nyuma yako. Ukimtumia fundi wa stesheneri kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa, na ikikuzwa kwa bango uso unakuwa ukungu. Akiwa na skana, mwambie aweke ubora wa 600 dpi.

Chagua picha ambayo mzee anafanya jambo au yuko na watu, pamoja na ile ya pasipoti. Kwa Waislamu waulize wazee kwanza kuhusu bango la picha mahali pa dua. Wengi hawalipendi, na kijitabu cha kugawa baadaye kinatosha.

Siku yenyewe

Msomaji asiwe mtoto wa kwanza kwa sababu tu ni wa kwanza. Mpwa au mjukuu mkubwa mwenye sauti iliyotulia anafaa zaidi, na mtu wa pili asimame kando yake na nakala nyingine, tayari kupokea sauti ikikatika. Wafanye mazoezi mara tatu, na mara moja kati ya hizo iwe nje kwa kipaza sauti, mdomo ukiwa mbali na chombo kwa ngumi moja.

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba. Sentensi isivuke ukurasa. Kama ni wakati wa kusi na shughuli iko karibu na bahari, gundisha karatasi kwenye kadibodi, kwa sababu upepo wa mchana hukunja ukurasa katikati ya jina la mtu.

Wajukuu wote wasitajwe mmoja mmoja wakiwa zaidi ya kumi na tano. Msomaji aseme idadi yao na awaombe wasimame. Kisha wapwa. Kisha wale wa hesabu ya tatu, "wote mliokula na kulala kwake mkisoma au mkikua". Toa nafasi hapo, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kuendelea, kwa kuwa wa hesabu ya tatu husimama polepole, wakitazamana kwanza.

Watani wapewe nafasi yao baada ya historia, si kabla, na MC ajue. Mtani ataigiza mwendo wa mzee, atadai deni la togwa, atasema yale ambayo familia haikuweza kuandika. Mjukuu mmoja awe anarekodi. Katika dakika hizo chache hutoka habari ambazo siku zote za kuuliza hazikuzipata.

Baada ya arobaini

Masahihisho yatakuja siku ile ile, sahani zikiwa bado mkononi: "Si Mkwaya, ni ng'ambo yake." Yaandike pembezoni mwa nakala moja kwa jina la aliyesema, kisha toa nakala ya mwisho ndani ya wiki mbili. Chini yake ziwekwe tarehe, majina ya walioandika, na majina ya wazee walioisikiliza na kuikubali.

Nakala za karatasi ziwe tano angalau: ya mjane, ya mtoto anayekaa kwenye nyumba ya marehemu, ya upande wa mama, moja ya wa mbali, na moja ya akiba. Kwenye kasha, iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na kasha liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta wa udongo, kwa ajili ya mchwa. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, kuanzia kushoto. Wino hupenya na kutokea usoni. Rekodi za sauti ziwekwe kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kila mwaka, siku ya dua au misa yake, mtu azichomeke asikilize kama bado zinafunguka.